Kuunganisha seli mbili za neva kwa umeme ndani ya laptopu, hatua kwa hatua (na kosa lililonila siku mbili)

Mpwa wangu anasoma udaktari, mwaka wa pili. Usiku mmoja alinitumia picha ya daftari lake: mistari miwili sambamba, vitundu katikati, na chini yake sentensi aliyoikariri neno kwa neno, kwamba maungio ya umeme "huratibu shughuli za seli za neva". Akauliza: "Mjomba, huratibu vipi?" Nikaanza kumrekodia sauti WhatsApp, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Mwisho nikamwambia aje Jumamosi na laptopu yake.

Haya ndiyo tuliyofanya siku ile. Nimechanganya humo na makosa niliyoyafanya mwenyewe miaka kadhaa nyuma, nilipokuwa najifunza bila mtu wa kuniuliza "una uhakika?". Ukifika mwisho utakuwa na seli mbili zinazopiga (mpigo ni ile ishara fupi ya umeme ya neva), waya kati yao unaoweza kuukaza au kuulegeza, na jibu la "vipi" utakalokuwa umeliona kwa macho yako. Unahitaji kujua Python ya kuanzia tu. Hesabu ni ya sekondari, ukiondoa alama za mabadiliko kwa muda ambazo nitazieleza zikifika.

Kwanza, unachojenga

Kwenye sinapsi (mahali neva mbili zinapokutana) ya kemikali, seli mbili zimetenganishwa na upenyo wa kama nanomita 20, na ujumbe huvuka kwa kumwaga kemikali upande mmoja na kupokelewa upande wa pili. Hilo huchukua karibu nusu milisekunde, mara nyingi zaidi. Kwenye maungio ya umeme upenyo umebanwa hadi kama nanomita 3.5, na tando mbili zimeshikanishwa na vijia vinavyotoboa pande zote. Kila kijia kimeundwa kwa nusu mbili zilizokutana uso kwa uso, na kila nusu ni protini sita za koneksini zilizojipanga duara. Ioni hupita humo moja kwa moja, na hata molekuli ndogo, zile zenye uzito usiozidi kama dalton 1,000. Kati ya neva za mamalia koneksini inayotumika zaidi ni ile ya namba 36. Wadudu, kamba na konokono wana familia yao nyingine, inneksini, inayofanya kazi ileile.

Waliolithibitisha jambo hili kwa vipimo ni Edwin Furshpan na David Potter, pale University College London, wakitumia neva nene za kamba wa maji baridi. Taarifa fupi ilitoka mwaka 1957, ripoti kamili 1959. Kinachonifurahisha ni kwamba maungio yao ya kwanza yalikuwa ya ajabu: yalipitisha mkondo vizuri upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Sisi tutajenga ya kawaida, yanayopitisha sawa pande zote.

Picha niliyompa mpwa wangu ni ya matenki mawili ya maji juu ya paa, yameunganishwa na bomba jembamba chini. Maji yanakwenda kwenye kina kidogo, basi. Bomba halijui tenki lipi ni la "kutuma" na lipi la "kupokea". Ishike picha hiyo, tutaihitaji Hatua ya 5.

Hatua ya 1: vifaa

Python, numpy, matplotlib. Kama laptopu yako ni ya kuomba Mungu, tumia Google Colab, ila jua itakula bando.

Najua zipo programu kubwa za kuiga neva, NEURON na Brian2 zikiwa maarufu zaidi. Ni nzuri na nazitumia kazini. Kwa mara ya kwanza usiziguse. Kule maungio ya umeme ni mstari mmoja ulioandikwa na mtu mwingine, na utamaliza zoezi ukijua jina la amri bila kujua mkondo unakwenda wapi. Andika mwenyewe, ni mistari isiyofika hamsini.

Hatua ya 2: seli moja

Tunatumia modeli ya Wang na Buzsáki ya mwaka 1996. Iliundwa kuiga nyuroni za kati (seli za neva zinazounganisha neva za jirani) zinazopiga haraka kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo, yaani jamaa wa seli zilezile ambazo miaka mitatu baadaye, 1999, makundi mawili ya watafiti (Galarreta na Hestrin upande mmoja, Gibson, Beierlein na Connors upande mwingine) yalionyesha kwamba kwenye gamba la ubongo zimeunganishwa kwa umeme, tena kila aina zaidi na wenzake wa aina yake. Kwa hiyo hatuichagui kwa sababu ni rahisi tu.

```
import numpy as np

def mabadiliko(V, h, n, I):
    am = 0.1*(V+35) / (1 - np.exp(-0.1*(V+35)))
    bm = 4*np.exp(-(V+60)/18)
    m  = am/(am+bm)
    ah = 0.07*np.exp(-(V+58)/20)
    bh = 1/(1 + np.exp(-0.1*(V+28)))
    an = 0.01*(V+34) / (1 - np.exp(-0.1*(V+34)))
    bn = 0.125*np.exp(-(V+44)/80)
    sodiamu  = 35*m**3*h*(V-55)
    potasiamu = 9*n**4*(V+90)
    mvujo = 0.1*(V+65)
    dV = I - sodiamu - potasiamu - mvujo
    dh = 5*(ah*(1-h) - bh*h)
    dn = 5*(an*(1-n) - bn*n)
    return dV, dh, dn
```

V ni volteji ya utando kwa milivolti, muda ni milisekunde, mkondo tunaoiingizia seli (I) ni maikroampea kwa sentimita mraba, na upitishaji (hizo 35, 9 na 0.1) ni milisiemens kwa sentimita mraba. m, h na n zinasema milango ya sodiamu (m na h) na ya potasiamu (n) kwenye utando iko wazi kiasi gani, na mvujo ni mkondo unaovuja muda wote. dV, dh na dn ni kasi ya kila kitu kubadilika kwa wakati huo. Kapasita ya utando ni 1, ndiyo maana haionekani.

Usianzishe seli yoyote kwenye -35 au -34 kamili. Utagawa sifuri kwa sifuri na grafu yako itajaa nan.

Hatua ya 3: waya

```
dt = 0.01
g  = 0.01
I  = np.array([0.0, 0.0])
V  = np.array([-64.0, -64.0])
h  = np.array([0.78, 0.78])
n  = np.array([0.09, 0.09])
kumbukumbu = []
for k in range(100000):
    maungio = g*(V[::-1] - V)
    dV, dh, dn = mabadiliko(V, h, n, I + maungio)
    V = V + dt*dV
    h = h + dt*dh
    n = n + dt*dn
    kumbukumbu.append(V)
```

Sinapsi yote ya umeme ni ule mstari wa `maungio`. V[::-1] inageuza orodha, kwa hiyo seli ya kwanza inaona volteji ya pili na ya pili inaona ya kwanza. Kila seli inapokea g, yaani upitishaji wa maungio, mara (mwenzangu toa mimi). Mwenzangu akiwa juu yangu, napandishwa, akiwa chini, nashushwa. Tukilingana, hakuna kinachopita, hata kama sote tuko katikati ya kelele kubwa.

Mambo matatu hapa, kwa sababu nimeona watu wakianguka kwenye yote.

Alama. Ukiandika V - V[::-1] programu haitapiga kelele wala haitalipuka kwa g ndogo kama hii. Itakupa tu seli zinazosukumana badala ya kuvutana, na utaandika ripoti nzuri ya kitu ambacho hakipo duniani. Hatua ya 4 ndiyo mtego wa kosa hili.

`V = V + dt*dV` isigeuzwe kuwa `V += dt*dV`. Najua inaonekana nadhifu zaidi. Ila hapo unabadilisha orodha ileile uliyokwisha kuihifadhi, na kumbukumbu yako yote inakuwa nakala laki moja za thamani ya mwisho. Utaona mstari mnyoofu na utadhani seli imekufa.

Vipimo. Makala za maabara hutoa upitishaji wa maungio kwa nanosiemens, kwa seli nzima. Modeli yetu ni kwa sentimita mraba ya utando. Kwa seli yenye utando wa maikromita mraba 10,000, nanosiemens 1 ni sawa na 0.01 kwenye programu yetu. Ukiweka 1 kwa sababu makala imesema 1, umeunganisha seli kwa nondo badala ya uzi.

Hatua ya 4: pima muungano kabla ya mpigo wowote

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina mipigo na grafu yake haipendezi. Mimi siwezi kuamini modeli ya mtu asiyeifanya. Ndivyo wanavyofanya hata wenye seli halisi: wanachoma seli mbili kwa pipeti za kioo, wanaisukuma moja chini kwa mkondo wa taratibu, na kuangalia nyingine inashuka kiasi gani.

Iache programu itulie milisekunde 300 za kwanza, I zote zikiwa sifuri. Seli zitakaa karibu na -64. Halafu weka I ya seli ya kwanza iwe -1. Itashuka kama milivolti 10. Seli ya pili, ambayo hujaigusa, lazima nayo ishuke, kidogo zaidi ya milivolti 1. Ikipanda, rudi kwenye alama. Isiposogea kabisa, g haifiki inapotakiwa.

Gawanya mshuko wa pili kwa mshuko wa kwanza. Hicho ndicho kipimo cha muungano. Kwa karatasi ni rahisi: mkondo unaoingia seli ya pili kupitia maungio lazima utoke kwa mvujo, kwa hiyo jibu ni g / (g + mvujo), yaani 0.01 / 0.11, karibu 0.09. Kompyuta itakupa kama 0.12. Mpwa wangu alidhani amekosea. Hajakosea: seli ikiwa imetulia, milango michache ya sodiamu haijafungwa kabisa, na kila seli ikisogea kidogo milango hiyo inauongezea nguvu msogeo huo. Seli ya pili inakuwa nyepesi kusukumwa kuliko hesabu ya mvujo peke yake inavyosema. Kwa maneno mengine, nguvu ya muungano haikai kwenye vijia tu, inakaa pia kwenye seli inayopokea. Kijia kilekile, seli mbili tofauti, matokeo mawili.

Hatua ya 5: mpigo mmoja unafika ukiwa nini?

Weka I ya kwanza iwe 1, ya pili ibaki 0. Seli ya kwanza itaanza kupiga, makumi ya mipigo kwa sekunde. Chora seli ya pili peke yake kwenye grafu yake na uiache matplotlib ichague mhimili. Ukizichora pamoja hutaona kitu.

Utaona vinundu. Kila mpigo wa kwanza umeacha kinundu kidogo kwenye seli ya pili, na hakuna kuchelewa kunakoonekana: kinaanza kupanda pale pale mpigo unapopanda.

Sasa swali linalofaa mtihani. Mpigo una urefu unaokaribia milivolti 100. Kipimo chetu cha muungano ni 0.12. Mbona kinundu si milivolti 12? Ni chini ya 1.

Rudi kwenye matenki. Ukilijaza tenki la kwanza na kuliacha limejaa kutwa, la pili litapanda polepole hadi kiwango chake. Ukimwaga ndoo moja kubwa na kuichota papo hapo, bomba jembamba halikupata muda: la pili limesogea kidogo tu. Mpigo wa neva ndiyo ile ndoo. Unadumu chini ya milisekunde 1, wakati utando wa seli yetu unahitaji kama milisekunde 10 kujaa (kapasita 1 gawanya kwa mvujo 0.1). Kisia mwenyewe: 0.01 mara milivolti 80 za tofauti mara milisekunde 0.6 ni karibu nusu milivolti.

Hapo ndipo "huratibu vipi" inapoanza kupata jibu, na si lile ambalo wengi hubeba kichwani. Kwa muungano wa kawaida wa mamalia, seli moja haiwashi nyingine kwa mpigo wake. Maungio haya ni kichujio: mambo ya haraka yanapita yakiwa yamepungua sana, mambo ya polepole yanapita vizuri zaidi. Kwa nyuroni nyingi halisi, bonde refu linalofuata mpigo, pale volteji inapozama chini ya kawaida, huvuka vizuri kuliko mpigo wenyewe, kwa hiyo jirani anapokea msukumo mfupi kisha mvuto mrefu wa kushuka. Na mawimbi ya chinichini yasiyofikia mpigo huvuka vizuri zaidi ya vyote. Ndiyo sifa ya kiini cha olivi chini ya ubongo, ambako Llinás, Baker na Sotelo walionyesha muungano wa umeme kwa paka mwaka 1974: seli zinayumba pamoja kwa utulivu, na mpigo ukija unakuja juu ya wimbi ambalo tayari ni la wote.

Kuna wanyama ambao mpigo wenyewe hutosha, lakini hao wametengeneza bomba nene. Kamba wa Furshpan na Potter ni mmoja, maana alikuwa anahitaji kupiga mkia na kutoweka kabla hajaliwa.

Hatua ya 6: zipige zote mbili

Sasa I zote mbili ni 1. Endesha. Chora. Zinapiga pamoja, mpigo juu ya mpigo, mistari miwili imekuwa mmoja.

Usifurahi.

Mimi nilifurahi. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilimtumia rafiki yangu grafu usiku ule ule na maelezo marefu. Akanijibu kwa maneno matatu: "Ukikata waya je?" Nikaweka g = 0. Zikaendelea kupiga pamoja vilevile.

Mtu mwenye akili iliyopumzika angeelewa hapo hapo. Mimi niliamini kwamba g haisomwi. Nikatafuta kosa kwenye programu siku mbili. Nilibadilisha majina ya vigezo, niliandika upya mzunguko wote, nilipunguza dt hadi laptopu ikawa inaunguruma, na siku ya pili umeme ukakatika nikaendelea kwa betri hadi ikazima. Programu haikuwa na kosa lolote. Seli zangu mbili zilikuwa na namba zilezile, zimeanza kwenye volteji ileile, na zinapewa mkondo uleule. Zingepiga pamoja hata kama moja ingekuwa Mombasa na nyingine Kigoma. Saa mbili za ukutani zilizowekwa sawa asubuhi zitasoma sawa jioni, bila kuongea.

Kwa hiyo, kabla ya kusema neno lolote kuhusu uratibu, fanya hivi, na kwa mpangilio huu.

Endesha seli moja peke yake, I = 1, milisekunde 500. Hifadhi V, h na n za milisekunde 100 za mwisho. Pima muda kati ya mpigo na mpigo. Halafu ianzishe seli ya kwanza kutoka sehemu moja ya mzunguko huo, na ya pili kutoka sehemu nyingine, tuseme robo mzunguko mbele. Chukua vyote vitatu, V na h na n, kutoka wakati uleule. Kosa la pili nililofanya ni kubadilisha V tu, -64 kwa moja na -60 kwa nyingine. Karibu mzunguko wote seli hii huishi kwenye volteji zinazokaribiana, hivyo milivolti nne zinaweza kumaanisha kitu kidogo sana au kikubwa sana kutegemea milango iko wapi. Hutajua umezitenga kiasi gani.

Endesha kwanza g ikiwa 0. Lazima uone zimetengana robo mzunguko mwanzo hadi mwisho. Hii ndiyo grafu ya kulinganishia, ihifadhi.

Kisha g = 0.01, na uwe na subira: endesha milisekunde 2,000 angalau. Muungano dhaifu hufanya kazi yake kidogo kidogo kila mzunguko.

Na usihukumu kwa macho. Kwenye grafu ya milisekunde 2,000 kila kitu kinaonekana kupiga pamoja, ni kama kuangalia msafara wa siafu kutoka ghorofani. Tafuta nyakati ambazo kila seli inavuka -20 ikipanda, toa nyakati za moja kwenye za nyingine, na uchore tofauti hiyo dhidi ya muda. Grafu hiyo moja inasema kila kitu. Mstari ukiteremka hadi sifuri na kukaa, zimeshikana. Ukilala mahali pasipo sifuri, zimeshikana lakini moja inatangulia. Ukiendelea kupanda au kushuka bila kukoma, hazijashikana, hata kama mara kwa mara zinapishana karibu na kukudanganya.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mwaka wa pili havilisemi. Rudia zoezi ukianzia sehemu tofauti: nusu mzunguko, thumni ya mzunguko. Rudia kwa I ndogo, 0.3, ambako seli zinapiga polepole. Usishangae kabisa ukikuta jozi iliyotulia kwenye kupokezana, moja inapiga katikati ya mapumziko ya mwenzake, kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Si kosa. Chow na Kopell mwaka 2000, kisha Lewis na Rinzel mwaka 2003, walionyesha kwa hesabu kwamba muungano wa umeme unaweza kuleta kupiga pamoja au kupokezana, kutegemea kasi ya kupiga na umbo la mpigo na bonde lake. Sababu umeshaiona Hatua ya 5: jirani anapokea msukumo kisha mvuto, na kinachoshinda kinategemea amekutwa wapi kwenye mzunguko wake. Akikutwa karibu na kupiga, msukumo mdogo unamwahisha. Akikutwa mbali, mvuto unamchelewesha. Jumlisha hayo mizunguko mia na ndipo "uratibu" unapotokea. Hakuna anayetoa amri.

Ukimaliza hapo tu ndipo uzifanye seli ziwe tofauti, kwa sababu hakuna seli mbili zinazolingana kwenye kichwa cha mtu. I ya kwanza 1.00, ya pili 1.02. Kwa g = 0 ile grafu ya tofauti itakuwa mteremko. Pandisha g kwa hatua ndogo, 0.002, 0.004, na kuendelea. Kuna mahali mteremko unavunjika na kulala. Ukilala hautalala kwenye sifuri: seli yenye haraka itatangulia kidogo kila mzunguko, na ya polepole itaburutwa. Sasa ongeza pengo, 1.00 na 1.10, utahitaji waya mnene zaidi. Mpwa wangu alikaa kwenye zoezi hili karibu saa nzima, chai ikapoa.

Hatua ya 7: kata

Kwenye programu kukata ni g = 0. Kwenye maabara ni kazi. Mwaka 2001 walipatikana panya wasio na koneksini 36, na kwenye gamba la ubongo wao muungano kati ya nyuroni za kati ulikuwa umetoweka karibu wote. Njia nyingine ni dawa, na hapa kuna kitu kitakachokugusa kama umekulia huku kwetu: kwinini. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba inaziba vijia vya koneksini 36, na mwaka 2004 ikaonekana kwamba meflokwini, ndugu yake wa malaria, inaviziba kwa kiasi kidogo zaidi cha dawa. Hayo ni matokeo ya seli zilizolowekwa dawa maabara. Usiache dozi ya daktari kwa sababu yangu. Na dawa hizo hugusa vitu vingine pia kwenye seli, kwa hiyo mtafiti akiona uratibu umevunjika bado ana maswali ya kujibu. Wewe huna tatizo hilo, sifuri yako ni safi.

Ukitaka seli zaidi ya mbili

V[::-1] haifai tena, maana kwa seli tatu ile ya katikati inajiona yenyewe. Mpwa wangu aliligundua hili kwa njia ngumu, saa nne usiku, akanipigia simu kulalamika kwamba seli ya katikati "imenuna". Kwa seli zilizopangwa duara, kila moja ikishikana na majirani wawili, badilisha mstari mmoja:

```
    maungio = g*(np.roll(V, 1) + np.roll(V, -1) - 2*V)
```

na uanzishe V, h, n na I zikiwa na urefu wa idadi ya seli unazotaka. Kumi zinatosha kuanzia. Rudia Hatua ya 4 kwanza: sukuma moja chini, uone mshuko unavyofifia jirani hadi jirani.